Jina liko wapi

Saa tano usiku, Alhamisi. Nimefua, nimepika, nimejibu wateja wawili, nimeswali, nimejilaza nikaamka tena. Swali la Mama Mdogo liko palepale kifuani.

Wiki yenyewe haikuwa haba: Zuhura amejifungua salama mtoto wa kike, posa ya kaka imejibiwa, mwenye nyumba amepandisha kodi. Hayo nitayaandika nikitulia. Leo nina hili moja tu.

Mnaonisoma siku nyingi mnakumbuka kwamba tangu Ramadhani nilimwahidi Mama Mdogo kumtengenezea tangazo la kanga zake. Kazi yangu ni kuwaandikia watu matangazo, kuanzia yule dada wa keki wa Tabata hadi fundi sofa wa Keko, na huku mama aliyenilea miaka minne yote ya sekondari anauza kwa kubeba furushi begani, nyumba hadi nyumba, na magoti yake ndiyo hayo mnayoyajua. Nilikuwa naona aibu. Basi Jumamosi nikaenda kwake Tandika, nikapiga picha doti sita alizotoka kuzichukua Mtaa wa Uhuru, nikarudi nyumbani nikakesha nazo.

Nilizifanyia kazi kweli. Nikasawazisha mwanga, nikakata kila picha ikawa mraba kamili ili zikipangwa kwenye ukurasa zikae sawa. Nikaandika kapsheni: "Pendeza na kanga zetu zenye ubora wa hali ya juu. Pamba safi, rangi zisizochuja, miundo ya kisasa kwa mwanamke anayejiamini. Wahi sasa, mzigo ni mchache! Bei njoo inboksi." Chini kabisa nikaweka jina la duka tulilolichagua pamoja, kwa herufi za dhahabu. Nililala nimeridhika.

Jumatatu jioni nikampelekea. Nilimkuta barazani kwenye mkeka, anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, nikampa simu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga aliyojifunga, akaivaa tena, akaisogeza simu mbali na uso. Akaitazama picha ya kwanza, kimya. Halafu akaweka kidole kwenye kioo akaisukuma picha kwenda juu, taratibu, kama mtu anayetaka kuona kilichojificha chini yake. Picha ikajirudi. Akaisukuma tena.

"Mwanangu, jina liko wapi?"

Nikainama, nikamwonyesha zile herufi za dhahabu. "Hili hapa, Mama. Tena nimeliweka kubwa."

"Hilo la duka. Nakuuliza jina la kanga."

Sikuwa na jibu. Kwenye ule mraba wangu kulikuwa na mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, na pindo la juu, na vipande vya pindo la kulia na la kushoto. Sehemu ya chini, pale maneno yanapokaa, nilikuwa nimeikata picha zote sita. Akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Basi mwanangu, si neno. Nyinyi ndio mliosoma."

Akarudi kwenye mchele wake.

Hiyo "nyinyi ndio mliosoma" haikuwa kijembe. Angekuwa amenipiga kijembe ningecheka naye, tumezoeana. Aliisema kwa unyenyekevu kabisa, kama mtu anayekubali kwamba huenda huko mtandaoni kanga zinauzwa bila majina na yeye ndiye asiyejua. Hilo ndilo lililonichoma. Mwanamke aliyeuza kanga kabla mimi sijajua kusoma alikuwa tayari kuamini kwamba mimi ndiye ninayejua, na mimi nilikuwa nimemkatia bidhaa yake katikati.

Kanga gani imewahi kuuzwa bila jina? Nimekua nawaona wanawake wanaingia kwa Mama Mdogo, anaikunjua doti, na kabla hata hawajaigusa wanainamisha kichwa wasome. Rangi inaweza kuwa ya kupofusha macho. Jina likiwa baya kwake, mtu anaikunja mwenyewe anairudisha. Hata wale wafanyabiashara wa zamani wa Mombasa waliyajua haya: ile nyumba ya biashara ya Mali ya Abdulla, ambayo imeanza tangu 1887, inachapa alama yake kwenye kitambaa chenyewe, K.H.E., herufi za jina la mwanzilishi, Kaderdina Hajee Essak, kila anayejifunga anatembea nayo mtaani. Kanga ilikuwa na maneno yanayouza miaka mingi kabla ya huu mraba wangu. Tangazo lilikuwa limeshaandikwa pale chini. Mimi nikalitupa, nikaweka "mwanamke anayejiamini".

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kazi hii naijua. Yule fundi wa Keko alipokuja kwangu, tangazo lake lilikuwa linasema "sofa imara zenye ubora wa hali ya juu". Nilikataa kuliandika hivyo. Nikaenda kukaa kwenye karakana yake asubuhi nzima, vumbi la mbao hadi kwenye kope, nikamuuliza mteja mjanja huwa anafanya nini. Akasema mjanja huigeuza sofa chini juu, akachungulia mbao na mikanda, kwa sababu ubovu wa sofa hufichwa tumboni. Nikaandika: "Kabla hujanunua sofa popote, igeuze kwanza." Tukampiga picha amesimama kando ya sofa iliyogeuzwa, tumbo wazi. Hatukuweka sifa hata moja, na simu yake iliita wiki nzima.

Na wale vijana ninaowafundisha Jumamosi mbili za kila mwezi huwa nawasimulia habari za David Ogilvy, yule Mwingereza aliyefungua kampuni ya matangazo New York. Alipopewa kazi ya Rolls-Royce alikaa wiki tatu akisoma kila kilichoandikwa kuhusu lile gari kabla ya kuandika neno. Kichwa cha habari alichokitoa humo, mwaka 1958, kilisema kwamba likiwa kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani ya gari ni ya saa yake ya umeme. Maneno yenyewe alikuwa ameyaokota kwenye ripoti ya jarida la magari. Wanafunzi wangu wanalipenda sana hilo. Nawaambia: ulizeni, sikilizeni, okoteni. Wageni nawauliza hadi wanachoka. Mama Mdogo sikumuuliza hata swali moja, kwa sababu nilidhani kanga naijua. Nimezaliwa ndani ya kanga, nimebebwa kwa kanga, nitauliza nini?

Jumanne sikufanya kazi ya maana. Nilifuta kapsheni mara nne, na kila nikiandika nakiona kile kidole kinaisukuma picha kwenda juu.

Jana baada ya Alasiri nikaingia Tandika na daftari. Nikasema, "Mama, nimekuja unifundishe." Akanitazama kidogo, akaniambia nilete furushi.

Tukatandika mkeka uani. Akaanza kutoa moja moja, na sijui nilieleze vipi lile saa moja na nusu. Mama Mdogo hasomi jina la kanga tu, anakusomea na mnunuzi. *Nani kama mama*: "Hii wananunua wanaume, tarehe za mshahara, na hawaombi kupunguziwa." *Wema hauozi*: unampelekea aliyekuuguza, au somo wako, au jirani aliyekaa na watoto wako ulipokuwa umelazwa. *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*: wapangaji wa nyumba zenye uani mmoja na midomo mingi. *Hasidi hana sababu* inatoka haraka, lakini kila mtu anajinunulia mwenyewe. Usithubutu kumpelekea mtu zawadi, imewahi kuvunja undugu huko Mtoni na yeye akaitwa kusuluhisha. Alipoifikia *Japo sipati tamaa sikati*, akaishika mkononi muda. Akanisimulia mama mmoja aliyeinunua akiwa mwaka wa saba hajashika mimba, akaivaa hadi ikapauka, na alipojifungua aliirudisha kwa Mama Mdogo aichane vipande iwe ya kumbebea mtoto kwa baraka. Hapo sote wawili tulikuwa tunafuta macho.

Niliandika kurasa tano. Nikamuuliza vijana wanaonunua *Nani kama mama* huwa wanashindwa na nini. Akasema, "Hawajui kwamba doti inakatwa na kupigwa pindo. Wangempelekea mama zao vile vile, nguo mbili zimeungana. Nawapigia mimi."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Shilingi ya nini? Cherehani si hiyo hapo."

Miaka yote anapiga pindo bure na hajawahi kumwambia mtu kabla hajanunua. Nilimkumbatia.

Tukazianika kwenye kamba ya nguo, kila moja imekunjuliwa yote, pindo kwa pindo, jua la saa kumi na moja linazipiga kwa ubavu. Nikapiga kwa marefu, kanga nzima, jina linasomeka hata kwa mwenye simu yenye ufa. Bei tukabishana. Yeye hataki ionekane, anasema wenzake wa Temeke watalinganisha. Nikamwambia wanaolinganisha wameshalinganisha. Anayeumia ni yule kijana aliye kazini, ambaye akisoma "njoo inboksi" anaona uvivu, au anahisi anapimwa mfuko wake ndipo atajiwe, na anapita. Katika kazi zangu zote hakuna kitu kinachopoteza wateja kimyakimya kama hicho. Akafikiri. Akasema sawa, lakini nisiandike "bei ya kutupa", kwa sababu kanga haitupwi. Nikakubali, na sitaliandika tena neno hilo kwa mteja yeyote.

Tangazo la kwanza likatoka hivi, na nusu ya maneno ni yake:

"NANI KAMA MAMA. Mshahara ukiingia, naye akumbukwe. Doti 15,000. Tunakata na kupiga pindo bure, inamfikia ikiwa tayari kuvaliwa. Mikoani tunatuma kwa basi."

Jina la kanga ndilo mstari wa kwanza, kwa sababu Instagram inaonyesha mistari miwili hivi ya mwanzo, mengine yanajificha hadi mtu abonyeze, na wengi hawabonyezi. Lile jina la duka la dhahabu limebaki dogo pembeni. Kila kanga ikapata tangazo lake peke yake. Hatukulipia kusponsa hata senti. Tumeweka kwenye ukurasa na kwenye stetasi ya WhatsApp ya Mama Mdogo, yenye wanawake wa vikoba vitatu na nusu ya mtaa.

Tuliziweka Magharibi. Hadi leo mchana zimetoka doti nne. Mama mmoja wa Mbagala ameandika, "Ile ya simba ipo? Niwekee mbili, moja ya wifi yangu." Na kijana dereva, yuko safarini Tunduma, ametuma hela kwa simu bila kuuliza swali lolote isipokuwa moja: kama mama yake wa Newala ataipata kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Mama Mdogo amenitumia sauti ya dakika tatu. Dakika ya kwanza yote ni kicheko, halafu cherehani inasikika, halafu anasema, "Mwanangu, huyu wa Newala nimempigia pindo mara mbili, uzi usije ukaachia." Nimeisikiliza nikiwa kwenye daladala na sikujali nani ananitazama. Furaha ya namna hii kazi yangu haijawahi kunipa, hata ile wiki ya sofa.

Lakini ikifika usiku narudi barazani Jumatatu. Jana nilijaribu kumwomba radhi. Nikaanza, "Mama, kuhusu juzi..." Akanikatiza, "Shika huku kona, kanga isiguse chini." Nikashika kona. Sikusema tena. Sijui kama alijua ninachotaka kusema, au kwake kilikwisha palepale alipoushika mchele. Bado nataka nimwambie kwamba aliyesoma ni yeye. Labda Jumamosi nikienda kupiga picha doti mpya.

Stetasi za jana zimeshafutika, saa 24 zimepita, itabidi niziweke upya alfajiri kabla watu hawajatoka kwenda kazini.

Na Bibi hapatikani. Simu yake ya Pangani inaniambia haipatikani tangu jana asubuhi, na nilitaka awe wa kwanza kusikia habari za mtoto wa Zuhura. Huwa anaichajia kwa jirani, na jirani alisema wiki hii angesafiri. Huenda ni hilo tu. Lakini Ijumaa iliyopita alilalamika kizunguzungu, akanikataza nisimwambie mama. Nikimkosa tena asubuhi nitampigia yule kijana wa duka pale kivukoni, aende akamgongee mlango.