Swali Linaloachwa Rusumo

Kwenye basi la kutoka Kahama, "Wewe kabila gani?" huulizwa hata kabla ya jina. Kufika Masumbwe abiria wote wanajuana: huyu Msukuma, yule Mnyamwezi, mama wa kiti cha nyuma Mhangaza wa Ngara, na utani umeshapamba moto. Hakuna anayenuna. Kwetu swali hilo ni njia ya kupata mtu wa kumegeana naye karanga. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo mzigo pekee usiokaguliwa mpakani, na ndilo linalomwaibisha mgeni wa Kitanzania kule Rwanda, ambako safari hii inakwenda kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994.

Barabara inapita Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi hadi Lusahunga. Kutoka hapo hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, ni kilomita 92, na lami huliwa sana na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Hesabu saa, usihesabu kilomita. Upange kufika mpakani kabla ya jua kuzama. Misitu ya huku ilikuwa na majambazi, na kuna miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki. Ile ilikuwa hofu nyepesi, nikiilinganisha na niliyoikuta mbele, maana abiria alijua anayemwogopa ni mtu asiyemfahamu, aliyejificha porini.

Benaco ni njia panda yenye jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka kuja upande huu ndani ya muda wa kama siku moja, na vilima hivi vikawa kambi. Baadhi yao walikuwa wameua, na walikuja na watoto wao. Mtoto wa miaka mitatu aliyefika Benaco mgongoni mwa baba hakujua panga la nyumbani lilikuwa limefanya kazi gani.

Rusumo, maofisa wa nchi mbili wako pamoja. Ukienda Rwanda usipange foleni upande wa Tanzania. Vuka daraja, ugongewe muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye madirisha yaliyopakana. Shika pasipoti au hati ya dharura, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mfuko wa plastiki utaachwa hapo; Rwanda iliupiga marufuku tangu 2008. Rudisha saa nyuma kwa saa moja: saa nne yako ni saa tatu yao, na wengi hukosea wakati wa kurudi wakaachwa na basi. Ukishuka, tazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka barabara, kwa kuwa magari yao hupita kulia.

Simama kidogo utazame maji. Mwaka 1994 miili ya waliouawa ilipita kwenye maporomoko haya, ikafuata Mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Waganda wa Kasensero waliiopoa na kuizika, na kwa muda watu waliogopa kula samaki wa ziwa.

Hadi Kigali ni kilomita kama 160, kupitia Kibungo, Kayonza na Rwamagana. Malazi tafuta Nyamirambo, karibu na Biryogo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani. Usipange ziara Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi. Ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, na mji husimama.

Wengi hukosea kwa kutaka kumaliza makumbusho ya Gisozi, yaliyo Kigali, na yale ya makanisa ya Ntarama na Nyamata kwa siku moja. Mwili utaweza, lakini kufikia mchana macho yataanza kupita juu ya vitu bila kuviona. Toa siku mbili. Gisozi iwe ya kwanza, asubuhi, maana hapo historia imepangwa kwa mfuatano na utajua unachokitazama kesho yake. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Anza chini, kwenye historia. Chumba cha watoto kiache mwisho. Ni picha kubwa za kawaida, zile za sikukuu na za kupigiwa nyumbani, na chini ya kila moja kibao kifupi: jina, umri, chakula alichopenda, rafiki yake, alivyouawa. Msichana wa miaka minne alipenda keki na maziwa, kuimba na kucheza. Wa miaka miwili alipenda wali na chipsi, alikuwa na doli, na rafiki yake mkubwa alikuwa baba. Mvulana wa miaka kumi alitaka kuwa daktari, na maneno yake ya mwisho yalikuwa kwamba wanajeshi wa Umoja wa Mataifa watakuja kuwaokoa. Hapo ndipo niliposimama muda mrefu zaidi. Hofu alikuwa nayo bila shaka; kilichoumiza ni kwamba imani ilikuwa bado haijamtoka.

Nyamata iko kama kilomita 30 kusini, ng'ambo ya Mto Nyabarongo. Daladala zipo, ukipanda pikipiki, dereva atakupa kofia ngumu, ivae. Ndani ya kanisa hupigi picha. Nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi, zimefifia zote zikawa na rangi moja ya udongo. Inua macho: bati lina matundu ya risasi na vipande vya guruneti, na mwanga hushuka kama nyuzi. Waliouawa hapo Aprili 1994 walikuwa wapatao 10,000.

Wageni huuliza kwa nini walijazana mahali pamoja. Jibu liko nje, kwenye kaburi la Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeuawa Machi 1992 baada ya kutangazia redio za nje mauaji yaliyokuwa yakiendelea katika eneo hili la Bugesera. Mwaka ule watu walikimbilia kanisa hilihili na wakapona. Miaka miwili baadaye waliwaleta watoto wao kwa sababu walikuwa na ushahidi kwamba mlango huu unalinda. Wauaji nao walijua hivyo.

Humo kanisani utaona vitambulisho. Soma mstari wa "Ubwoko", yaani kabila: Hutu, Tutsi, Twa, na yasiyohusika yamekatwa kwa kalamu. Mpango huo wa kumwandikia kila mtu kabila uliletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, na mtoto alirithi la baba. Aliyekuwa mdogo mno kushika kadi alikuwa ameshajibiwa swali kabla hajajua kusema. Baada ya 1994 mstari huo ulifutwa. Kwa hiyo usimuulize Mnyarwanda kabila lake, hata kwa upendo, hata kwa utani. Sema "Amakuru?", yaani habari, kisha "Witwa nde?", yaani unaitwa nani. Inatosha kuanzisha urafiki.

Ntarama ni kanisa dogo la matofali. Kuna chumba cha mafunzo ya watoto chenye ukuta wenye doa jeusi. Anayekuongoza ataeleza. Mwache amalize, usimkatize kwa maswali. Mtoto chini ya miaka kumi na miwili nisingempeleka huko wala Nyamata. Wa umri huo na kuendelea mweleze kwanza usiku wa kuamkia safari, akiwa ameshiba, na umkubalie akisema hataki kuingia.

Wakati wa kurudi basi liliingia tena kushoto baada ya daraja, saa zikasogezwa mbele. Karibu na Benaco kijana aliyepandia mpakani aliketi, akafungua karanga, akamgeukia jirani yake kwa uso mkunjufu na kuuliza, "Mzee shikamoo, wewe kabila gani?" Mzee aliitikia marahaba, akapokea karanga, akanyamaza kidogo. Kisha akamtajia jina lake.