Mwenye pori yuko wapi?

Mara ya kwanza nilikaa ndani ya gari dakika kumi nzima nikimsubiri mtu wa kuja kutoza hela. Injini nimezima, vumbi la barabara limeshatulia, watoto huko nyuma wanafungua mikanda, na mimi bado nachungulia kwenye vioo. Nimekulia Lushoto, Tanzania. Huko, ukikanyaga msitu wa serikali, jua bwana misitu yuko mahali anakuona. Utotoni tuliokota kuni kavu huku sikio moja liko njiani. Ukisikia tu pikipiki inapandisha kona, unatupa mzigo na kuteremka bondeni. Leo niko Arizona, katikati ya msitu wa serikali ya Marekani, nimeingia na gari, hema, sufuria mbili na madumu mawili ya maji, na sijakuta geti, kibanda wala wa kunikatia risiti.

Mama watoto akaniambia, "Baba, shuka basi. Hakuna anayekuja."

Na kweli hakuja mtu mpaka tunaondoka Jumapili.

Tangu nianze kurusha picha kwenye kundi la ukoo, swali ni lile lile: mnalipia shilingi ngapi hapo? Hatulipi. Watu wengi wanachanganya hifadhi za taifa na misitu ya taifa. Grand Canyon ni hifadhi: unalipa getini, na ukitaka kulala pale unapangiwa sehemu yenye namba. Misitu ya taifa ni habari nyingine. Iko chini ya Forest Service, idara iliyoanzishwa mwaka 1905, na cha kushangaza iko ndani ya Wizara ya Kilimo. Humo, pasipo na kibao cha kukataza, unafuata barabara ya vumbi, unachagua mahali, unapiga kambi. Mwisho siku 14, kisha uhame. Hupewi maji, choo, meza wala pipa la taka.

Sisi tunakwenda Coconino, msitu unaouzunguka mji wa Flagstaff. Kutoka Phoenix, mji tunaoishi, ni kama kilomita 230, na kwa jumla ni kupanda. Kama hujawahi kuishi Phoenix wakati wa kiangazi, sijui nikuelezeje. Mwaka 2023 tulipigwa siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kupita nyuzi 43. Watoto walikuwa wanachezea sebuleni na mapazia yamefungwa kama kuna msiba. Flagstaff iko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ukikaribia, unazima kiyoyozi na kushusha kioo, na harufu ya misonobari inaingia. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo. Ni Shume ile ile ya kwetu Lushoto, asubuhi, lori la magogo limepita sasa hivi. Ila hii misonobari ya huku, inaitwa ponderosa, ina mambo yake: mti ukishazeeka gome linakuwa rangi ya machungwa, na ukiweka pua kwenye ufa wa gome jua linapowaka, unanusa vanila. Binti yangu mdogo anakwenda kunusa mti mmoja mmoja kama anachagua mananasi sokoni.

Barabara yetu ni ya namba 171, kaskazini magharibi ya mji, njia ya kwenda kwenye pango la Lava River. Lakini kabla ya kuondoka, chukua ramani ya barabara za magari ya msitu wenyewe. Ni ya bure, nyeusi na nyeupe, na ni mbaya kuitazama: haina milima, haina miti, ni mistari na namba tu. Kumbe utamu wake uko kwenye vitone vidogo vilivyopangwa kando ya baadhi ya barabara. Penye vitone, unaruhusiwa kuingiza gari ndani hadi futi 300, kama mita 90 hivi, ili upige kambi. Pasipo na vitone, gari libaki jirani na barabara na mizigo ubebe kichwani. Nami nasema tafuta mahali palipokwisha kulaliwa, penye udongo ulioshindiliwa na duara la mawe. Usifungue uwanja mpya juu ya majani.

Sasa niseme aibu yangu. Safari ya tatu, mwezi wa sita, nilikwenda na jiko la mkaa. Nyama ilikuwa imelala kwenye limao na tangawizi tangu jana yake. Moshi ulipoanza kunyooka, ikaja pikapu ya Forest Service taratibu, ikasimama. Moyo wangu ukarudi Lushoto. Miguu yenyewe ilikuwa inatafuta bonde. Akashuka baba mtu mzima, akasalimia watoto kwanza, halafu akaniuliza kama nilisoma kibao pale nilipokata kona. Nilikiona. Kilisema moto marufuku. Mimi nikajiambia mkaa si moto, moto ni kuni! Akanieleza kwamba masharti ya kiangazi yakianza, mkaa na kuni ni kitu kimoja, kinachoruhusiwa ni jiko la gesi lenye kifungio. Hakuniandikia faini. Alisimama tu akaningoja nizime, na kuzima kwa huku si kumwaga kikombe. Unamwaga maji, unakoroga majivu kwa kijiti, unamwaga tena, kisha unaweka mgongo wa mkono. Ukisikia bado kuna joto, rudia. Nilirudia mara nne. Dumu zima likaisha, na nyama ikakaangwa kwenye gesi kama mayai.

Jioni ile nilikasirika. Baadaye nilipozisoma habari za sehemu hiyo hasira zikaisha. Juni 2010 watu waliacha moto wa kambi bila kuuzima huko huko jirani na Flagstaff, zikaungua ekari 15,000 hivi za mlima. Mvua za Julai zilipokuja hapakuwa na majani ya kushika maji, mafuriko yakashuka kwenye nyumba za watu, na mtoto wa miaka 12 akafa. Mwaka 2022 tena, mtu mmoja aliyekuwa amepiga kambi alichoma karatasi za chooni. Karatasi za chooni! Zaidi ya ekari 26,000.

Ndiyo maana kwetu choo kina kanuni. Kuna kajembe ka bustani kanaishi kwenye buti la gari. Unakwenda mbali na kambi, mbali na maji hatua 70 au zaidi, unachimba shimo lenye kina cha kiganja kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, unafukia. Karatasi zinaingia kwenye mfuko zinarudi nyumbani. Kijana wangu alilalamika safari moja tu. Sasa anapima shimo kwa mkono wake, na ni lazima nimkumbushe kwamba kiganja chake bado kifupi.

Septemba ndiyo nzuri kuliko miezi yote. Usiku elki wanaita. Ni jamii ya kulungu, ila dume lina uzito wa ng'ombe, na sauti inaanza kama bawaba ya geti yenye kutu halafu inapanda ikawa filimbi. Mara ya kwanza tuliisikia saa nane usiku, na familia nzima tukahamia ndani ya gari.

Nilimpigia mama simu kumsimulia. Akanikatiza: "Na mwenye pori mlimwomba ruhusa?" Nikamwambia ni la umma, halina mwenyewe. Akaguna. Nilipomweleza mwenzangu wa kazini, Mnavajo, yaani mtu wa kabila la wenyeji wa asili wa huku, akacheka sana, kisha akaniambia ule mlima tunaouona kutoka hemani, wenye jina la San Francisco kwenye ramani, kwao ni Dookʼoʼoosłííd, mmoja kati ya milima minne mitakatifu, wa upande wa magharibi. Nimemrudishia mama jibu hilo. "Enhe," akasema, "sasa umeanza kuuliza."

Ijumaa tunarudi. Nimenunua madumu mengine mawili, na jiko la mkaa nimemwachia shemeji.