Umri wa sensa ya 1841 usiuamini

Ukisaka watu wa zamani wa kijiji fulani cha England, anza na sensa ya 1921, kisha rudi nyuma miaka kumi kumi. Wengi hukwama 1841. Makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 kwa mafungu ya matano, kwa hiyo mtu wa miaka 39 kaandikwa 35 (na si wote walitii!). Wala haionyeshi nani mke, nani mtoto. Hilo lilianza 1851.

Kabla ya Julai 1837 hakuna vyeti vya serikali, ni hasa madaftari ya parokia. Hapo angalia tarehe: hadi 1751 mwaka ulianza 25 Machi, hivyo aliyebatizwa Februari 1720 kwetu ni 1721.