Jua la saa sita usiku

Nilipomaliza masomo Uppsala, Uswidi, nilitaka kwanza kuiona kaskazini ndipo nirudi nyumbani. Stockholm nilipita haraka, ila mbele ya Vasa nilisimama sana: meli ya kivita iliyozama 1628 katika safari yake ya kwanza, ikaopolewa 1961, na simba waliochongwa kwenye mbao zake bado wana meno.

Kisha treni ya usiku. Nikashuka Abisko, ng'ambo ya Mzingo wa Aktiki, mstari wa kaskazini ambako wakati wa kiangazi jua halizami. Saa sita usiku, mwezi Juni, jua lilikuwa linamulika ziwa Torneträsk, theluji bado imeshika vilele. Usingizi ulinipaa kabisa, nami sikuujutia. Ukienda, chukua koti zito. Upepo wa ziwani unakata.