Mwamba bandia sio kuzamisha chochote tu

Haya mambo ya matumbawe bandia, yaani miamba ya kutengeneza inayozamishwa baharini iwe nyumba ya samaki, mi nayapenda sana, ila kuna kitu kinanikera, watu wakiona samaki wamejaa kwenye meli iliyozamishwa basi wanasema tayari samaki wameongezeka. Samaki wengi wanapenda kusogelea kitu chochote kilichosimama baharini, ukishusha zege leo haichukui muda kolekole washaanza kuzunguka pale, sasa hao hawajazaliwa hapo, wametoka sehemu nyingine, na wavuvi wote wakikimbilia hapo hapo na mishipi yao ndo mmerahisisha kuwamaliza.

Kuongezeka ni mpaka wale wadogo wapate pa kujificha wasiliwe. Ndo maana mi naangalia matundu kwanza. Yale mazege ya mviringo yenye matundu ya saizi tofauti tofauti yametengenezwa kwa akili sana, tundu dogo changu mchanga anaingia chewa anabaki nje, tundu kubwa analala chewa mwenyewe au mkunga, pweza nae anatafuta la kwake. Na zege likiwa linakwaruza, sio laini, unaota utando wa mwani, halafu chaza na sifongo wanashika, kaa na kamba wadogo wanakuja, hapo sasa chakula kinapatikana palepale, ila hiyo ni kazi ya miaka jamani.

Uzito nao muhimu mno, kitu chepesi hakitulii chini. Kule Florida, Marekani, miaka ya 1970 walimwaga matairi kama milioni 2 nje ya Fort Lauderdale eti yawe nyumba ya samaki, yakafungwa na vyuma na nailoni, vifungo vikakatika, matairi yakawa yanasukumwa na mawimbi yanagonga matumbawe ya asili ya jirani, hadi 2007 wapiga mbizi wa jeshi wakaanza kuyatoa. Inaniuma kwa sababu nia ilikuwa nzuri kabisa.

Kwahiyo kama kikundi chenu kinapanga kuzamisha kitu, kubalianeni kabla nani atavua pale na lini, miaka ya mwanzo pasiguswe kabisa, alafu apatikane mtu wa kuzamia ahesabu wale wadogo, sio wakubwa tu, na asiishie hapo, aende na kwenye miamba ya jirani, maana kama kule wamepungua basi mmewahamisha tu.