Nilivyoweka mvinyo mkongwe wa Bordeaux kwa mshahara wa kawaida

Watu wakisikia una chupa za mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, zenye zaidi ya miaka ishirini, hudhani wewe ni tajiri. Mimi ni mwajiriwa tu hapa Brussels. Nilichofanya ni kukwepa miaka yenye sifa kubwa. Mavuno ya 2000 yalipanda bei mno, ya 2001 yakabaki kivulini. Hayo ya 2001 ndiyo niliyoyafuata minadani, hasa ya vijiji vya Pauillac na Saint-Julien huko Bordeaux. Leo ukakasi wake umelainika, na harufu ya matunda imeachia nafasi tumbaku na mbao za mierezi.

Sikubabaishwa pia na madaraja ya 1855, orodha inayopanga mashamba ya mvinyo ya Bordeaux kwa ubora. Yalipangwa na madalali wa Bordeaux kwa ajili ya maonyesho ya Paris, wakifuata bei za wakati ule. Shamba la Sociando-Mallet, kaskazini kidogo ya kijiji cha Saint-Estèphe, halimo kabisa, lakini mvinyo wake hudumu miongo na mimi naupenda sana.

Kazi kubwa ni kuikagua chupa yenyewe. Huisimamisha wima, nikamulika tochi nyuma ya shingo. Kwa umri huo, mvinyo unatakiwa uwe bado shingoni, au umeshuka hadi shingo inapoishia. Ukikuta uko katikati ya mabega, kizibo kimeshapitisha hewa. Naiacha, hata ikiuzwa bei ya kutupa. Natazama pia kama kuna michirizi iliyokauka chini ya kofia inayofunika kizibo, maana mara nyingi chupa iliyopigwa na joto huvuja hapo. Halafu namuuliza muuzaji ilikaa wapi. Akibabaika, naondoka.

Nyumbani nazilaza chumba cha chini ya ardhi, kwenye nyuzi 12 hadi 14, kizibo kisikauke.

Siku ya kunywa haina haraka. Chupa naisimamisha tangu jana yake ili mashapo yatulie chini. Kizibo kikongwe humeguka, kwa hiyo natumia kizibuo cha ndimi mbili kinachokibana pembeni bila kukitoboa. Namimina polepole juu ya mwanga wa mshumaa, na uzi mweusi wa mashapo ukifika begani nasimama hapohapo. Baada ya hapo tunakunywa, kwa sababu mvinyo mkongwe ukiachwa wazi muda mrefu hupoteza harufu yake.

Sasa naweka mavuno ya 2014 kutoka Médoc, eneo la Bordeaux lenye vijiji hivyo.