Kwa Sweny, Duka la Dawa Lisilouza Dawa

Kikundi chetu cha wasomaji wa riwaya kilipopanga safari ya Dublin, nilishikilia kwamba tuanzie Lincoln Place, kwenye duka la dawa la Sweny, kabla ya makumbusho yoyote. Ni duka dogo mno, kiasi kwamba tuliingia kwa mafungu huku wengine wakisubiri barabarani.

Umaarufu wake unatokana na Ulysses, riwaya ya James Joyce iliyotoka Paris mwaka 1922, ambayo kisa chake karibu chote kinatokea siku moja, tarehe 16 Juni 1904. Asubuhi hiyo Leopold Bloom, mhusika mkuu, anaingia hapa kumwagizia mkewe losheni ya ngozi, na kwa kuwa hakuja na karatasi ya maagizo, inambidi avutevute kumbukumbu: mafuta ya lozi, maji ya maua ya mchungwa. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, alicheka aliposikia hayo, akasema bibi yake angeichanganya losheni hiyo bila kuuliza. Kisha Bloom ananusa sabuni za limau, anachukua moja ya peni nne, na kukubaliana na mfamasia kwamba atalipia vyote kwa pamoja atakaporudi kuchukua losheni. Harudi. Sabuni anashinda nayo mchana kutwa, akiihamisha kutoka mfuko huu hadi ule.

Duka liliacha kuuza dawa mwaka 2009, na sasa linaendeshwa na watu wanaojitolea, wakiwa wamevaa makoti meupe ya wafamasia. Kaunta ya mbao, droo na chupa za zamani zimebaki, na miongoni mwake vimo vifurushi vya dawa vilivyofungwa kwa uzi ambavyo wenyewe hawakuvifuata. Kumbe Bloom hakuwa peke yake. Lakini kilichonivutia zaidi ni usomaji wenyewe, kwa sababu hapa kitabu hakifungiwi kwenye kabati la kioo. Nakala zinagawiwa, kila mtu anasoma ukurasa mmoja kwa sauti na kumpisha wa pembeni yake, na hakuna anayesahihishwa matamshi. Joyce, ambaye peke yangu chumbani alinishinda mara nyingi, alianza kuchekesha.

Karibu sote tulinunua sabuni za limau, na tulizilipia papo hapo.